Nyekundu ya Ng'ombe Aliyekwenda na Maji

Jumamosi iliyopita, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Garsen, nikihangaika kuchagua kati ya rangi mbili nyeupe za chumba changu cha kupanga. Kando yangu mfugaji na mkewe walikuwa wakinunua rangi ya nyumba yao mpya ya matofali.

"Nyeupe, nyumba yote," mume alimwambia muuzaji.

Mke akaweka kiganja juu ya kopo. "Hii nyumba ni ya nani?"

"Yetu, mama watoto."

"Ile ya nyasi nilijenga mimi, kama desturi yetu wanawake, wewe ukaingia kwangu. Hii umejenga wewe. Sasa mimi ni mgeni?"

Muuzaji akatazama dari. Mume akajikuna shingo. "Basi sema rangi."

"Nyekundu kama ng'ombe yetu, ile ilikwenda na maji ya mafuriko."

Muuzaji akafungua kopo. Mama akajipaka kidogo nyuma ya mkono, akatoka juani. "Huyu ng'ombe ni mgonjwa, amepauka." Rangi ya kopo la pili akamwonyesha mumewe. Mume akainama kuitazama, akasema, "Ndiye huyo."

Majarida ya mapambo hutuambia nyeupe haimkosei mtu. Ni kweli, lakini pia haimjui mtu. Niliacha nyeupe zangu kwenye kaunta, nikanunua manjano.

Jumapili asubuhi niliupaka ukuta wa kitandani ukawa kama ndani ya embe bivu la kijiji cha Kulesa. Kisha ndipo nikaenda kumwarifu mwenye nyumba.