Dua Iliyokuja na Mafua

Mama aliporudi kutoka Dar es Salaam alikokuwa akichomwa mionzi ya saratani ya titi, daktari wa Chake Chake alimpima damu, kisha akatukalisha chini. Mionzi haichagui, alisema. Imeipiga saratani, imewapiga na askari wa mwili. Mafua tu yanaweza kumlaza.

Basi nikajiteua bawabu. Kwetu Pemba mgonjwa ni wa mtaa mzima: watu wanakuja, wanakaa kitandani kwake, wanampapasa. Nikasimama barazani na ndoo ya maji na sabuni.

"Karibuni! Kabla ya pilau, mikono. Pilau hakuna, lakini mikono iko pale pale."

Walicheka, wakanawa. Mwenye kikohozi nilimweka benchi la nje na chai ya mdalasini, akaondoka akidhani kaheshimiwa.

Kisha akaja shangazi kutoka Kojani, dada mkubwa wa baba, leso puani, anapiga chafya.

"Shangazi, leo wageni tunawapokea nje. Hewa safi."

"Hewa safi nimetoka nayo baharini. Nipishe."

"Daktari kakataza mafua."

"We mtoto! Kakataza na dua?"

Nikamtazama baba. Baba akatazama ndara zake. Nani atamfungia mlango dada mkubwa, tena kaja na dua? Ulimi wangu, ulioniponza viboko kwa kila mwalimu, siku hiyo ukasema, "Karibu."

Akaingia. Alisoma kwa sauti nzuri, haki yake nimpe. Halafu akampuliza mama usoni, kama wafanyavyo wasomaji wetu: puu, puu. Puu ya mwisho ilitoka na kikohozi. Mama kafumba macho, akaitikia, "Amin."

Haikupita wiki, homa ikampandia, tukamkimbiza hospitali. Shangazi akafuata. Nesi akamzuia mlangoni mwa wodi, shangazi akaanza kupandisha sauti, mpaka mama akasema kutoka kitandani, kwa taabu:

"Wifi, nisomee hapo dirishani. Mungu hazuiwi na kioo."

Shangazi akazunguka nje, akasoma, akapuliza. Kioo kikaingia ukungu. Akakifuta kwa leso amwone mama, akapuliza tena, kikaingia tena, akafuta tena.

Nilitaka kucheka. Mkono wa mama ulikuwa ndani ya wangu, unaunguza.