Motokaa ya Mbio na Kahawa

Hii nimeiona mwenyewe, kwa macho haya yanayoona Pemba bila miwani. Dalali alimletea muuza nguo wa Mji wa Kale motokaa ya mbio iliyotumika, ikinguruma hadi samaki wa Kilindini wakaziba masikio.

"Nunua upesi, Sheikh, mwenyewe yuwapanda meli leo!"

"Izime kwanza, mwanangu, tunywe kahawa."

"Nitainywa siku nyingine."

"Kwetu hakuuzwi hata sindano bila kahawa."

Dalali akaizima, jasho lamtoka. Kahawa ilipokwisha, motokaa haikuwaka tena, hata tulipoisukuma watu mia tano. Muuza nguo akacheka, akarudi dukani.

Basi msinunue motokaa isiyotaka kuzimwa.

Ila huyo muuza nguo nimemtunga. Mnunuzi nilikuwa mimi, kahawa sikumkaribisha, na leo kuku wangu wataga ndani ya motokaa.