Klik tano nilizoongeza kwa shock za Kioko

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Hii uzi nimeiandika mara nne na mara nne nikaifuta. Leo naiacha. Sitaongeza chumvi, na mahali nilikosea nitasema nilikosea, hata kama kuna watu wa Kitengela hapa watanitambua.

Mimi ni fundi wa suspension. Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa na gereji ya mabati Kitengela, wakati town ilikuwa maduka machache, vumbi, na punda wa kubeba maji. Wateja wangu wengi walikuwa watu wa pickup, lakini roho yangu ilikuwa kwa gari za mashindano. Spring na shock nilikuwa naziota hata nikiwa kanisani.

Dereva wangu alikuwa Kioko, kaka ya mke wangu Mwende. Sisi wote ni watu wa Machakos. Kioko alikuwa welder siku za kazi, na weekend anaendesha saloon yetu ya zamani kwa mashindano ya club ya rally kule Kajiado. Navigator wake, yule wa kumsomea kona, aliitwa Njoroge, kijana wa Nkoroi, mama yake alikuwa na duka ya mbao. Njoroge alikuwa mtu wa kucheka tu, hata akiwa amefungwa mkanda.

Sasa wacha niwaeleze ufundi kidogo ndio msiachwe nyuma.

Shock ya mashindano iko na knob ndogo, ukizungusha inalia klik. Yetu ilikuwa ya rebound, yaani inaamua spring irudi juu haraka ama polepole. Ukiongeza klik, gari inarudi polepole.

Na siku hizo kwetu fundi alikuwa anapimwa na bumper. Usicheke, ni kweli. Mtu anapanda bumper ya nyuma, anaruka, anashuka. Gari ikirudi juu mara moja na itulie, wewe ni fundi. Ikitingika mara mbili, wewe ni mkora. Dereva hakuna mtu alikuwa anamuuliza.

Wiki mbili kabla ya event ya Kajiado, mimi na Kioko tulipeleka gari kwa barabara ya murram upande wa Isinya, ile iko na mawimbi mawimbi mpaka meno yanagongana. Anaenda, anarudi, anatoa helmet. "Shemeji, nyuma bado inakaa chini, haipati nafasi ya kupumua." Napunguza klik. Anaenda tena. Tulifanya hivyo tangu asubuhi mpaka saa tisa, ndio akarudi akicheka.

"Hapo, shemeji. Hapo hapo. Usiiguse tena."

Nikaandika kwa daftari.

Siku ya event Kajiado, watu walikuwa wengi. Mafundi wa Nairobi na overall zao safi, vijana wa Kimaasai na fimbo zao, akina mama wanauza chai. Kioko na Njoroge wakaenda mkutano wa madereva. Jamaa mmoja simjui akapanda bumper yetu, akaruka. Gari ikatingika mara mbili.

"Wee fundi, hii ni gari ama ni kitanda?"

Watu wakaangua kicheko. Mafundi wa Nairobi pia. Kuna mmoja alicheka mpaka akashika magoti.

Wakuu, mimi ni mtu wa hasira ya karibu. Masikio yalichemka. Nikajilaza chini ya gari nikijifanya naangalia exhaust, nikaongeza klik tano kila upande wa nyuma. Nikatoka, nikamwambia yule jamaa, "Panda tena." Akapanda, akaruka. Gari ikashuka, ikarudi polepole mara moja tu, ikatulia.

"Ehe! Sasa huyo ndiye fundi!"

Nilisikia raha sana. Hiyo raha ndiyo inaniuma zaidi kuandika.

Kioko akarudi akivaa gloves. "Shemeji, yote sawa?"

"Sawa kabisa."

Sikuona ajali. Nilisikia tu kwa redio ya mtu wa club. Ile barabara ilikuwa na mawimbi mwendo mrefu, halafu kona ya kushoto inayoteremka kwa mto mkavu. Gari yenye rebound kali ikipiga wimbi inashuka, na kabla haijarudi juu inapiga lingine. Inashuka kidogo kidogo mpaka inakaa chini kabisa, na hapo ni kama huna shock. Kioko alipobreki, nyuma iliruka pembeni. Wakabingirika mara tatu.

Kioko alitoka na mikwaruzo. Njoroge alivunjika mgongo. Hakutembea tena.

Hospitali, Kioko aliambia kila mtu, "Nilichelewa kubreki." Hakuna aliyemsukuma aseme hivyo. Alitafuta kosa kichwani mwake, akakosa lingine, akachukua hilo.

Gari ililetwa na lori mpaka gereji yangu, na watu wa club wakasema watakuja kesho yake kuikagua. Kabla wafike nilirudisha zile klik. Zikakubaliana na daftari. Wakaandika kosa ni la dereva, wakaenda.

Hapo ndipo nilipokuwa mtu mbaya. Kuongeza klik ilikuwa kiburi. Kuzirudisha ilikuwa uongo.

Miaka tatu, wakuu. Kila Jumamosi Kioko alikuwa anaenda Nkoroi kumwogesha Njoroge na kumsukuma na wheelchair. Mwaka wa kwanza Mama Njoroge hakumjibu hata salamu, lakini alienda. Usukani hakuushika tena, hata wa pickup. Na Jumapili moja alisimama kanisani akaomba waumini wamuombee, kwa sababu ameharibu maisha ya mwenzake. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Mwende alilia.

Mimi nilisema amina.

Kilichonivunja ni mtoto wa Kioko. Alishikwa na kifua mchana wakiwa kwangu, hawezi kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa nimetoka, pickup yangu iko hapo kwa gate na funguo iko ndani. Kioko alimbeba mtoto mgongoni akakimbia naye mpaka hospitali. Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Lakini nilipofika nyumbani Mwende akaniambia, "Ndugu yangu anaogopa usukani kuliko anavyoogopa kumzika mtoto wake."

Kesho yake nilimkuta Kioko anachomelea gate. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama. Akatoa ile kinga ya macho.

"Klik ngapi?"

"Tano."

"Kila upande?"

"Kila upande."

Akakaa chini kwa vyuma. Halafu akasema, "Na ulinisikia kanisani."

"Nilikusikia."

"Twende Nkoroi. Utasema mbele yake."

Nikasema, mbele ya Njoroge na mama yake. Njoroge hakuniangalia. Alimwangalia Kioko, machozi yakimtoka. "Miaka tatu unaniogesha ukibeba makosa ya mtu mwingine?" Mama Njoroge akamshika Kioko mkono kwa mikono yake yote miwili. Mimi akaniambia nitoke nyumbani kwake, na nikatoka.

Niliandikia club barua nikawaeleza zile klik. Mwende alienda kwao miezi miwili. Alirudi, lakini vile alikuwa ananiangalia zamani, haniangalii tena.

Nilidhani Kioko akijua ukweli atarudi kwa usukani. Alijaribu mara moja na pickup yangu. Akawasha, akakaa, akazima, akashuka. "Shemeji, kichwa imeelewa. Mikono imekataa." Mpaka leo hajaendesha.

Kwa nyinyi vijana mnacheza na coilover, zile spring na shock za kurekebisha, na settings za track: pima gari kwa barabara itakayokimbia, si mbele ya watu wa kucheka. Dereva akisema usiguse, usiguse. Ukigusa, mwambie kabla afunge mkanda. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu usipobeba kosa lako kuna mtu atalibeba, na hatajua ni lako.

Ulizeni mnachotaka, hata kunitukana ruhusa. Kama kuna fundi humu amewahi kunyamaza kama mimi, aseme naye.

Kabla ya kuweka hii nilimsomea Kioko yote. Hakubadilisha kitu. Aliniomba tu niandike, kwa maneno ya wazi, ndio watu waliokuwa Kajiado siku hiyo wasome: kwa ile kona, Kioko hakuchelewa kubreki.