Karatasi Tupu ya Luvungi

Niliondoka Uvira Jumatatu asubuhi kwenda kufundishwa kazi ya kusimamia kura. Jina langu lilibandikwa ukutani kwa ofisi ya tume ya uchaguzi, limekosewa herufi mbili, lakini aliyelibandika alisema ni mimi tu. Mafunzo yalikuwa siku tatu, Luvungi. Mwenye kufaulu angepewa brevet, cheti cha kazi, na mwenye brevet angepangwa kwenye biro ya kura ya kijiji alichochagua. Minye nilichagua Luberizi. Kwenye fomu waliuliza sababu. Niliandika: najulikana huko.

Sababu yenyewe ni hii. Uchaguzi uliopita bwana yangu, Yohana, alikuwa shahidi wa chama kwenye biro ya Luberizi, mule shuleni. Prezida wa biro alikuwa Mwalimu Deo. Asubuhi, kabla mutu wa kwanza hajapiga kura, Mwalimu Deo alipitisha karatasi ya matokeo, tupu, wote wakasaini. Alisema jioni hakuna taa, tuwahi. Yohana naye akasaini. Jioni wakahesabu kura kwa sauti, kila mutu akasikia, kisha namba zilizoandikwa juu ya sahihi zao zikawa nyingine. Yohana akauliza. Pascal, mtoto wa kapita, mkubwa wa kijiji, akamjibu kwa mguu wa benchi. Minye nilikuwa nimemletea chakula. Nikaingia katikati, na mkono wangu wa kushoto tangu siku ile haunyooki. Yohana alimaliza siku tatu hospitali, akafa. Wakati tunapigwa Mwalimu Deo alikuwa anafunga bahasha. Aliifunga vizuri, nilimwona.

Nilipokwenda kushitaki walinionyesha karatasi. Wakasema: mama, si hii hapa sahihi ya marehemu, amekubali. Ndiyo maana nataja majina. Karatasi yao haikuyataja.

Jumatatu hiyo, saa moja, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, pale Kavimvira. Taximani alikuwa kijana mwenye kofia ya baridi, na jua limekwisha kupanda. Tulipita Kiliba, tukapita Sange. Kila bariere ya barabarani askari alitazama begi langu, akakuta kitenge, biskuti na daftari, akarudisha.

“Mama, unaenda matanga?” taximani akauliza.

“Naenda masomo.”

“Weye? Masomo gani sasa, na hizo mvi?”

“Ya kusimamia kura.”

Akacheka mpaka moto ikayumba. “Basi utuhesabie vizuri, mama. Mara ile minye nilipigia mulamu yangu, bwana ya dada, kura, akapata sifuri. Hata ile yake mwenyewe haikuonekana!”

Nikamwambia atazame barabara.

Luberizi tulifika saa mbili na nusu. Ng’ombe walikuwa wamejaa barabarani, wakatusimamisha mbele ya shule. Mpunga ulikuwa umekomaa pande zote mbili. Shule wameipaka rangi mpya. Sikushuka. Ng’ombe wakapita, tukaendelea.

Luvungi nilipokelewa na Mama Nsimire, tunasali naye kanisa moja akija Uvira. Alinionyesha kitanda na ndoo ya maji, nikaoga vumbi, nikaenda kwenye darasa. Tulikuwa watu ishirini kwenye benchi za watoto wa primaire, magoti yamefika kidevuni. Minye niliishia darasa la nne, kwa hiyo benchi ile tulikuwa tunajuana. Kisha formatere, mwenye kutufundisha, akaingia na chaki yake, msafi, amenyoa. Alikuwa Mwalimu Deo.

Alisoma majina. Alipofika kwangu alitazama mkono wangu.

“Mama Zawadi. Mkono unaendeleaje?”

“Uko hapa, Mwalimu.”

“Mungu asifiwe,” akasema, akaita jina lililofuata.

Jumatatu hiyo na Jumanne alitufundisha. Nitasema ukweli: alifundisha vizuri kupita padri. Sanduku lioneshwe watu likiwa wazi na halina kitu, ndipo lifungwe. Mzee asiyeona asaidiwe na mutu aliyemchagua mwenyewe. Shahidi asifukuzwe kwa sababu anauliza. Matokeo yabandikwe mlangoni, kila mutu asome. Na karatasi ya matokeo isisainiwe kabla ya namba kuandikwa. Hiyo aliipigia mstari ubaoni mara mbili, kwa chaki nyekundu. Minye niliandika yote kwenye daftari. Nilikuwa nafikiri labda siku ile ya Luberizi hakujua.

Jumanne mchana alisema kesho ni mazoezi ya mwisho. Kila kundi la watu watano litahesabu kura za mfano na kujaza karatasi ya matokeo. Karatasi yenye sahihi tano ndiyo itatoa brevet tano. Ikipungua sahihi moja, kundi lote limeanguka.

Jioni tulikula bugali na ndagala. Nilimwambia Mama Nsimire formatere wangu ni nani. Akaacha kula.

“Yule yule?”

“Yule yule.”

“Na ukigombana naye hautapata kiti?”

“Sitapata.”

“Basi usigombane, yaya, dada yangu. Akisema saini, saini. Ukisha kukaa mu kiti cha Luberizi, utafanya yako.”

Yalikuwa maneno ya akili. Nililala nayo.

Jumatano, saa mbili, Mwalimu Deo aliingia na karatasi nne na bahasha nne za kura za mfano. Akasema gari la tume linarudi Uvira mapema, hakuna muda. Akagawa karatasi, tupu.

“Musaini kwanza, tuwahi. Namba mtajaza kisha. Kila bahasha iko na kura thelathini.”

Ubao ulikuwa nyuma yake, na ile chaki nyekundu bado inasomeka. Watu wakasaini. Kwenye kundi letu kijana mmoja, Espoir, ndiye alikuwa prezida. Alisaini kwa mbwembwe kama daktari, wengine watatu wakafuata, karatasi ikafika kwangu. Nikaiweka juu ya benchi, nikaweka mikono mapajani.

“Mama, biki haiandike?” Espoir akauliza.

“Inaandika. Tuhesabu kwanza.”

“Eh! Mama, gari linaondoka! Minye nina bibi na watoto, usiniangushe juu ya mambo ya mazoezi.”

“Wazee hawa,” mwingine akasema, “wanaletwaka kutuchelewesha tu.”

Mwalimu Deo akaja, akasimama mbele yangu. “Mama Zawadi, haya ni mazoezi tu.”

“Njo maana, Mwalimu. Ninazoea.”

“Asiyesaini hana brevet. Na hawa wanne wataanguka juu yako.”

“Luberizi ulisainisha asubuhi vilevile. Yohana alikosa biki, ukamwazima yako.”

Nje mwanamke alikuwa anatwanga, tukamsikia. Mwalimu Deo alitazama saa yake. Sikuona aibu usoni mwake, nataka msomaji ajue hivyo. Niliona mutu anayechelewa gari.

Kwenye kundi letu kulikuwa na mkulima mmoja wa Bwegera, Mzee Balthazar, hakuwa amesema neno siku tatu. Alivuta bahasha, akaifungua.

“Kura thelathini ni kitu gani?” akasema. “Minye nahesabuka mbuzi wengi kuliko hizi kila asubuhi.”

Akahesabu, akizitandika moja moja juu ya benchi, Espoir akiandika kwa hasira. Zilitoka ishirini na nane. Tukarudia. Ishirini na nane. Espoir akaandika ishirini na nane, na minye ndipo nikasaini. Makundi matatu mengine yaliandika thelathini, kwa sababu Mwalimu alisema thelathini. Hawakufungua bahasha.

Saa sita brevet zikasomwa. Tulifaulu wote, hata wale wa thelathini. Espoir akawa sekretere Luvungi. Minye nikapangwa Luberizi, mutu wa akiba: nitaitwa kama mmoja wa biro akifa au akigonjwa. Nikauliza prezida wa Luberizi ni nani. Mwalimu Deo akasoma kwenye orodha: Pascal. Alifundishwa wiki iliyotangulia. Alifaulu.

Alhamisi asubuhi nikapanda moto ya kurudi. Luberizi nikashuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tulipomzika Yohana. Niliuliza mashahidi wa vyama mwaka huu ni nani, wakanipeleka shambani. Walikuwa wanawake watatu na mzee mmoja, wanakata mpunga. Niliwaambia niliyofundishwa, nikawasomea daftari. Mmoja akauliza kama wakishurutishwa kusaini asubuhi wafanye nini.

“Wakatae.”

“Na tukipigwa?”

Nikafunga daftari. Niliwaambia kwamba yule aliyetupiga ndiye prezida wao sasa, wamjue kwa jina. Kisha nikakunja mkono wa shati, nikawaonyesha wa kwangu, wakautazama muda mrefu. Wawili walisema watakuwa pale. Wawili walisema watafikiri.

Nilichojifunza Luvungi ni kidogo. Nilidhani kura zinaibwa na watu wasiojua sheria, na kwamba wakifundishwa wataacha. Wanaijua sheria, wanaifundisha. Kinachobaki ni wale watano ndani ya biro na mashahidi wao, kama kuna hata mmoja atakayekubali kuwachelewesha wenzake mpaka wamchukie. Siku ya kura nitakuwa Luberizi tangu alfajiri, nje ya mlango, kama mutu wa akiba. Sijaitwa bado. Wote watano, nasikia, wana afya nzuri.