Kibao cha Mtaa wa Mteremko

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, mbele ya wananchi walioletewa viti, kwamba barabara yoyote ya jiji iliyowekwa lami mpya ni mali ya vizazi vijavyo. Kwamba haitachimbwa, haitakatwa wala haitatobolewa na idara, kampuni au mtu binafsi kwa muda wa miaka mitano. Na kwamba ruhusa itatolewa wakati wa dharura tu, dharura yenyewe ikiwa ni ile itakayotambuliwa hivyo na Idara ya Barabara. Watu walipiga makofi. Kisha viti vikarudishwa kwa mwenyewe, na tangazo akaachiwa mkaguzi mmoja mwenye pikipiki alitekeleze.

Mkaguzi huyo aliitwa Kiraka. Jina alibandikwa na mafundi wa maji, kwa sababu hakuna kitu alichokichukia duniani kama kiraka cha barabarani. Cha ukutani alikivumilia, cha suruali alikivaa. Lakini kiraka cha lami kilimtia kichefuchefu cha kweli; akikipita na pikipiki alikunja uso kama mtu aliyetafuna mchanga. Tangu ana nywele kichwani alikuwa akiona mambo yaleyale. Barabara inawekwa lami, haijapoa vizuri, watu wa maji hao na sururu. Wakishafukia, watu wa umeme wanapita kuangalia kama nafasi imebaki. Wa simu wanakuja kumalizia. Barabara iliyoanza mwaka kama shuka lililopigwa pasi inaumaliza kama shati la fundi magari.

Ndiyo maana mtaa ule wa mteremko, unaotoka kwenye zahanati mpaka shule ya wasichana, alikuwa ameuandaa kama mtu anayeandaa harusi ya binti wa pekee. Kabla ya lami alizunguka ofisi zote. Aliketi kwenye mabenchi yao, akanywa chai yao, akagoma kuondoka mpaka kila mwenye bomba au waya wa kupitisha aje aupitishe sasa au anyamaze miaka mitano. Wakaja. Wa maji waliongozwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja na subira ya kuwasikiliza wakijibu. Kiraka alisimama juu ya mtaro akatazama bomba jipya likilazwa upande wa kushoto, likafunikwa mchanga, likashindiliwa. Angeweza kukuonyesha lilipopita akiwa amefumba macho. Jambo hilo baadaye lilimsumbua kuliko yote.

Shida ilianza na kibao. Kilikuwa kibao kizuri, cha bati jeupe lenye maandishi mekundu: BARABARA HII INALINDWA. NI MARUFUKU KUCHIMBA. Kililetwa asubuhi ya siku mkuu wa idara alipotaka picha, na mafundi wa vibao walikuwa wamepelekwa kwingine. Mkuu akapiga simu: kibao kisimame kabla ya saa sita. Kiraka akaenda nacho kwenye njia ya miguu. Muuza viatu akamwambia pale kitaziba duka. Akasogea, mwenye duka la dawa akasema vilevile, kwa adabu zaidi. Akazidi kusogea mpaka akajikuta mbele ya kinyozi, ambaye hakusema kitu kwa kuwa alikuwa na sikio la mtu mkononi. Basi akaazima mtaimbo, akashuka hatua moja kutoka njia ya miguu, akachimba kwenye ukingo wa lami. Ukingo tu. Alijiambia kwamba ukingo si barabara hasa, kama vile pindo si nguo.

Chini kidogo mtaimbo uligonga kitu. Si jiwe, jiwe linakurudishia mkono. Kitu hiki kilipokea pigo kisha kikakubali. Kiraka akasimama, akatazama shimo, akatazama saa. Akatumbukiza nguzo, akamwaga zege, na mkuu akaja kupigwa picha.

Baada ya siku chache unyevu ukatokea pale pale, doa jeusi lenye ukubwa wa sinia. Kiraka aliliona asubuhi, akasimamisha pikipiki, akamwendea kinyozi.

"Unamwaga maji barabarani."

"Mimi?" Kinyozi alikuwa anapuliza nywele kwenye mashine. "Mzee, maji ya kunyolea ni kikombe. Hata ningemwaga cha mwaka mzima lisingetoka doa hilo."

"Basi ni umande."

"Umande wa saa nne," alisema kinyozi, akaendelea kupuliza.

Kuanzia hapo Kiraka hakukaa kitako. Alipita mtaa ule asubuhi akienda kazini, akapita mchana bila sababu, akapita jioni akirudi, ingawa kwake kulikuwa upande wa pili wa jiji. Kila alipopita alipata maelezo mapya: mtu ameosha gari, mashine ya baridi ya duka la dawa inadondosha, mvua ilinyesha, labda, kipande hicho tu. Doa lilimsikiliza na kuzidi kupanuka. Ofisini alianza sentensi akaziacha njiani. Nyumbani alikula akiwa amekalia ncha ya kiti.

"Unakula kama unakimbizwa," mkewe alimwambia.

"Nina kazi."

"Kazi gani ya Jumapili?" Akamgeukia mdogo wake, ambaye alikuwa amekuja kula. "Mwangalie shemeji yako. Jana nimemkuta anakanyagakanyaga sakafu ya jikoni kwa kisigino, eti anasikiliza kama imeshiba."

"Huenda ni mimba," alisema shemeji mtu, akijiongezea mchuzi. Kisha, bila kubadilisha sauti: "Shemeji, kule chini kwenye mteremko maji yamekata pumzi. Mama anapandisha ndoo ghorofa tatu kila siku, na magoti yake unayajua. Kuna mahali panavuja."

Mama huyo alikuwa mkwewe Kiraka, mjane aliyeishi ghorofani karibu na shule, na hakuwahi kumlalamikia mkwewe kwa jambo lolote. Angempa nafuu kama angelalamika.

"Hamchimbi," alisema Kiraka.

"Nani kasema kuchimba? Nitakuja na fimbo nisikilize. Au kusikiliza nako kuna kibali?"

Alikuja Jumatatu. Fimbo ya kusikilizia ni chuma kirefu tu, chenye kikombe cha mbao juu. Unaisimamisha ardhini, unaweka sikio, na ukikaa kimya ardhi inakwambia inachofanya. Shemeji mtu alianza juu, kwenye zahanati, akashuka kidogo kidogo, akiinama na kuinuka, huku Kiraka akimfuata nyuma kama mtu anayesindikiza daktari wodini. Wapita njia walipunguza mwendo. Alipofika kwenye kibao aliinama, na hakuinuka upesi.

"Njoo usikie."

"Nakuamini."

"Njoo, shemeji."

Akaweka sikio. Ilikuwa sauti ya mtu anayekojoa nyuma ya mlango, bila haraka, kama mwenye haki ya kuwa pale. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani.

"Tunasikia nini?" aliuliza.

"Maji," alisema shemeji mtu.

"Siyo umande?"

Kiraka alijipangusa sikio. Shemeji yake alikung'uta fimbo, akamweleza kwa utaratibu kile alichokijua: maji yanakula mchanga chini ya lami, mchanga ukiisha lami inabaki inaelea, na siku lori la gesi litakaposhuka hapa hakutakuwa tena na habari ya kiraka, kutakuwa na shimo la kuzikia lori. Ukate sasa kipande cha ukubwa wa meza, au ukae usubiri kipande cha ukubwa wa nyumba. "Wewe ndiye mwenye barabara," alisema. "Mimi nina bomba tu."

Kiraka akapanda kwa mkuu wa idara. Ukutani kwa mkuu kulikuwa na picha: mkuu mwenyewe, kibao, na pembeni kiwiko cha Kiraka, ambacho mpiga picha hakufanikiwa kukitoa. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, jambo alilokuwa hodari nalo.

"Bomba kuvuja si dharura," alisema. "Mabomba yote yanavuja. Tukimfungulia mmoja, wote wataleta unyevu."

"Lami imeanza kulegea, mkuu."

"Tangazo halina hata mwezi. Unataka nianze kwa kutoboa barabara ileile niliyopigiwa picha?" Akafikiri. "Kwani nini kimetoboa hilo bomba? Kama ni watu wa simu, hilo lingine. Nikiwa na wa kumlipisha, dharura naitambua hata leo."

Hapo ilitosha kuitikia. Watu wa simu walikuwa wamepita mtaa uleule, walisingiziwa kila kitu, na walikuwa wamezoea. Neno moja, na mama mkwe angepata maji, barabara ingepona, na kiwiko kingebaki ukutani na heshima zake. Kiraka alifungua mdomo. Alitazama picha.

"Haijajulikana," alisema, na hata hilo halikuwa kweli.

"Basi ikijulikana rudi."

Alirudi mtaani moja kwa moja. Alikanyaga lami karibu na nguzo, ikabonyea chini ya kiatu, ikarudi, kama godoro. Alikanyaga tena kuhakikisha, kisha akajuta kukanyaga. Kule juu, kwenye zahanati, lori la gesi lilikuwa linakata kona. Kiraka alisimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono yote miwili. Dereva alishusha kioo akamuuliza kama amerogwa. Kiraka akamwonyesha njia ya kuzunguka, na alipokataa akamwonyesha kitambulisho, na alipokataa tena akailaza pikipiki barabarani, kwa upole, kioo kizima kikiwa juu. Lori likazunguka.

Ndipo akatoa chaki mfukoni. Alichora mraba kuzunguka nguzo, pembe zimenyooka, akaufuta upande mmoja akauchora upya kwa sababu ulikuwa umelala. Kisha akapiga simu.

"Shemeji, leta msumeno wa lami. Sururu sitaki kuiona."

"Kibali kimetoka?"

"Kibali nimesimama juu yake."

Kikosi cha maji kikafika, koki ya juu ikafungwa, msumeno ukafuata chaki. Kiraka alitazama kila inchi ya ule mkato kama mtu anayeshonwa bila ganzi. Walipong'oa nguzo, ilitoka na mguu wake wa zege. Na kwenye mguu wa zege, umeng'ang'ania kama jino kwenye mkate, ulikuwamo ubavu wa bomba la buluu. Mafundi walilitazama bomba. Wakatazama kibao, ambacho sasa kilikuwa kimelala chali kikisomeka NI MARUFUKU KUCHIMBA kuelekea angani. Hakuna aliyecheka, na ilionekana kwamba iliwagharimu.

Shemeji mtu alimvuta Kiraka pembeni.

"Nitaandika watu wa simu?" aliuliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo Kiraka hakujua kama anayo. "Hata hawatahisi."

Kiraka alipangusa chaki kwenye suruali. Alitazama chini kwenye mteremko, kwenye dirisha la ghorofani lenye pazia la maua.

"Ni mimi," alisema. "Nililigonga kwa mtaimbo. Nikasikia, nikamwaga zege."

"Najua. Kinyozi aliniambia wiki iliyopita."

"Mbona ulikaa kimya?"

"Ningesema, ungeniomba kibali cha kusema." Akamrudishia chaki iliyomdondoka. "Kafunge kazi yako, shemeji. Mama anataka kufua."

Mafundi wakaunga bomba, naye akafunga. Mchanga aliushindilia tabaka kwa tabaka, akawatoa mafundi kwenye mashine akashika mwenyewe, akapima kwa ubao, akapaka kingo, akakanyaga. Kinyozi alimletea kiti. Alikaa dakika moja akainuka. Jioni maji yakapanda mpaka ghorofa ya juu. Mama mkwe alituma shukrani kupitia kwa mkewe Kiraka, na salamu, na kuuliza kama mkwewe amekonda.

Kwa mkuu alikwenda kesho yake akamweleza yote akiwa amesimama. Mkuu akaitambua dharura, kwa tarehe ya jana yake, na akaagiza jambo hilo lisizungumzwe nje ya idara. Kiraka aliondolewa usimamizi wa vibao. Ukaguzi waliuacha kwake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka.

Mpaka leo mtaa wa mteremko ndiyo barabara iliyolindwa kuliko zote jijini. Watu wa maji, wa umeme na wa simu hawajaigusa bila ruhusa. Ina kiraka kimoja, na kibao kimerudishwa palepale juu yake, ndani ya tairi kuukuu lililojazwa zege, ili kisihitaji kuchimbiwa.