Mdomo wa Kopo la Fedha

Baba mkwe wangu, Jotham Pettingell, alikuwa mfua fedha hapa Newburyport kwa miaka hamsini na mmoja. Alikuwa mbishi, mchoyo wa maneno, na mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto kwa sababu ya nyundo. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilimwogopa. Baadaye aliona nina subira, akanipa jiwe la kung'arishia, na tangu hapo kumalizia kila chombo ikawa kazi yangu.

Vijiko ndivyo vilivyotulisha, lakini havikumfurahisha. Alichokipenda ni kopo moja la bia, lenye mkono na mfuniko, alilolifua ujanani kwa ajili ya arusi ya Kapteni Lunt. Alianza na bamba bapa la fedha, akaligonga, akalitia motoni, akaligonga tena, wiki tano nzima, mpaka likasimama kopo lisilo na kiungo hata kimoja. Hakupata kufua jingine la namna hiyo, na kwa umri aliofikia alijua hatalifua tena.

Basi ikaja homa ya kuacha pombe. Watu walikula kiapo kanisani, wengine wakakata mitofaa yao wenyewe, matunda yake yasije yakakamuliwa pombe. Mimi nilicheka. Mjane wa Kapteni, Mama Keziah Lunt, hakucheka. Asubuhi moja aliingia karakanani na kopo lile ndani ya kikapu.

"Liyeyushe, Jotham. Nitolee vijiko vya chai."

"Hili?"

"Kwani nimeleta mangapi? Nimekula kiapo mimi. Mchungaji akija nyumbani, nikimbie kulificha uvunguni?"

"Si utie maji, unywe."

"Na nani ataamini kuwa ni maji? Kopo la bia ni kopo la bia tu."

Mzee alilishika kopo kwa mikono miwili mpaka nikamwonea huruma. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kabisa.

"Nitalitia mdomo. Liwe jagi. Kila mgeni ataona maji yakimiminwa."

"Mdomo mzuri?"

"Mdomo."

Mama Keziah akakubali, shingo upande. Kuchomelea mdomo ni kazi ndogo. Tabu ni kwamba maji lazima yapate njia ya kutokea, na njia hiyo ni kulitoboa kopo lenyewe. Mzee alitoboa vitundu saba nyuma ya mdomo, vyembamba kama vya sindano, ili siku watu watakapopata akili vizibike.

Hazikupita wiki mbili, mama yule huyo karudi, amefura.

"Unanifanyia mzaha, Jotham? Nimealika akina mama wa chama cha kuacha pombe, maji yanadondoka kama pua yenye mafua! Dada yake mchungaji kaniuliza kama kisima changu kimekauka!"

Nilicheka kwa sauti. Mzee akanitazama, nikanyamaza.

"Panua hapo," akasema Mama Keziah. "Huwezi, sema. Nitampelekea fundi wa Boston aliyeyushe leo leo."

Akaketi kusubiri. Nilimsogelea mzee nikamnong'oneza, "Baba, mwambie alirudishe kesho. Huenda hasira zikapoa."

"Kesho litakuwa vijiko," akanijibu.

Akachukua msumeno mdogo. Kazi ile haikuchukua hata muda wa kuchemsha viazi. Kipande cha upana wa kiganja cha mtoto kikaanguka mezani, na vitundu vyake saba. Nilisugua kingo huku machozi yananitoka, wala sikujali nani ananiona.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mzee akachukua muhuri wa jina lake, ule anaoupiga kwenye kila chombo anachokitengeneza. Kopo lilikuwa nao tayari, chini ya mkono, tangu mwaka wa arusi. Akaupiga tena, safari hii juu ya mdomo, mahali peupe.

"Baba, hapo? Watu watakucheka!"

"Wacheke. Siku moja mtu atauliza ni mpumbavu gani aliyelikata kopo hili. Sitaki asingiziwe mwingine."

Akanisogezea, nikausugua mdomo ule mpaka jina lake likasomeka vizuri.