Mawe Matatu ya Mama Mkubwa

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia mtu anadharau hesabu, na juzi nimeikumbuka kwa hasira. Mjukuu wangu Deo, anayesoma chuo huko Mzumbe, alikuja kunijulia hali hapa Mwembesongo. Aliniamkia vizuri, akala akashiba, halafu akatupa daftari lake mezani. "Bibi, hii kalkulasi nitakuja kuitumia wapi? Ni ya kufaulia mtihani tu." Alisema hayo mbele ya mdogo wangu Pelagia, aliyekuwa anamletea chai kutoka jikoni huku akiburuta mguu wake wa kushoto. Nikainuka nikatoka nje, maana ningefungua kinywa ningetukana. Leo nimetulia kidogo, basi nikuambie.

Nilikuwa msichana wa kidato cha sita, nimerudi likizo kwetu Matombo. Kwenye mtihani wa hesabu nilikuwa nimewaacha mbali hata wavulana, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Asubuhi moja ya masika tuliteremka na mama mkubwa, dada yake mama yetu, kupeleka ndizi na nyanya sokoni. Tulikuwa wanawake saba, pamoja na Pelagia ambaye alikuwa na miaka kumi na minne. Njiani kuna mto, na mto huo haukuwa na daraja. Pale tulipokuwa jua lilikuwa linawaka, lakini juu milimani kulikuwa na wingu zito.

Mama mkubwa alitua tenga lake. Akaokota jiwe, akaliweka pale pale maji yalipoishia. Wanawake wakasali fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi, bila pupa. Walipomaliza, akaweka jiwe la pili kwenye ukingo mpya wa maji. Wakasali fungu jingine, akaweka la tatu. Hivyo ndivyo walivyovuka mama zetu masika yote, nami nilikuwa nikiwaona tangu ninabebwa mgongoni, nikidhani ni ibada tu.

Mimi nikachukua fimbo, nikapima. Maji yalikuwa chini ya goti.

"Mama mkubwa, tunachelewa bure. Maji haya hata mtoto anavuka."

"Subiri, mwanangu. Hebu yatazame mawe."

"Mawe hayapimi kitu. Mimi nimeshapima."

Nikamshika Pelagia mkono, nikaingia naye.

Hatukufika katikati. Maji yalinipanda kiunoni kabla sijamaliza kusema tugeuke. Yakamwangusha Pelagia, mguu wake ukabanwa kati ya miamba miwili, nikasikia alivyolia. Wale wanawake walifunga vitenge vyao pamoja, wakashikana, wakatuvuta. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Tulimbeba kwa machela ya mianzi kurudi kijijini, naye hakuacha kulia njia nzima. Kabla ya siku ile, ngoma ikilia Pelagia alikuwa mwepesi kuliko sisi sote. Hakucheza tena.

Mama mkubwa hakunipiga. Afadhali angenipiga. Kesho yake alinirudisha mtoni, maji yakiwa yameshuka, akapanga mawe matatu upya mbele yangu.

"Kutoka la kwanza mpaka la pili, vidole viwili. Kutoka la pili mpaka la tatu, shibiri nzima. Na sala ilikuwa ile ile. Haya, msomi, la nne lingekuwa wapi?"

Nikamwonyesha juu kabisa, karibu na njia.

"Kumbe unajua! Wewe ulipima maji yalipo. Sisi tulikuwa tunapima yanavyokuja, na yanavyozidi kukaza mwendo."

Mwanangu, hiyo ndiyo kalkulasi. Kitu kinabadilika kwa kasi gani, na kasi yenyewe inaongezeka au inapungua. Nilikuwa nimechora mistari ya mambo hayo daftarini nikapata alama zote, na mwalimu wangu hakuwahi kutuambia kwamba mstari ule unaopinda unaweza kuwa mto wa kwenu. Nina hasira naye mpaka leo. Lakini nina hasira zaidi na yule msichana aliyemwona mama yake mkubwa mshamba kwa sababu hesabu zake hazikuandikwa kwa kalamu.

Halafu Deo ananiambia ni ya kufaulia mtihani! Mtoto akiwa na homa, muuguzi anayejua kazi yake haangalii joto la sasa tu, anauliza limepandaje tangu asubuhi. Dereva anayeteremka mlima na lori la ndizi, akitazama umbali wa gari la mbele bila kutazama umbali huo unavyokwisha, atatuua. Na hawa vijana wa bodaboda wananipandisha mori. Wanasimama kwenye kivuko kile kile, wanasema "bado madogo haya", wanaingia na mama wa watu mgongoni. Wakubwa tunaowaomba watujengee daraja nao huja kiangazi, wanatazama mchanga mkavu, wanashangaa mto wenyewe mbona mdogo. Wangekuja masika, wakae na mama zetu wasali mafungu mawili tu.

Jana nilimwita Deo arudi. Sikumhubiria. Pelagia alikaa naye, akapanga vijiko vitatu mezani, akamweleza siku ile tangu mwanzo, kisha akapandisha gauni kidogo akamwonyesha kovu. Deo akaliokota daftari lake, lililokuwa bado pale mezani tangu juzi, akalifungua.

Basi shika hili, mwanangu. Usitosheke kujua kitu kiko wapi leo. Uliza kinaelekea wapi, kwa haraka gani, na kama haraka hiyo inazidi. Pima mara tatu, maana kipimo kimoja hakikuambii mwendo, viwili vinakuonyesha mwendo, na cha tatu ndicho kinachokuonya. Na ukisoma, usome sana, lakini usimcheke aliyeijua hesabu yako kabla hujazaliwa.

Mungu akupe akili, akupe na subira ya kukaa kando ya mto mpaka jiwe la tatu. Na mdogo wako umshikaye mkono, amjalie azeeke akitembea kwa miguu yake yote miwili.